Siku ya Kugawa Diski

Kila jioni baada ya masomo, Nuha alipitia zahanati moja mjini Voi alikofanya kazi mamake, Bi Saadiya. Alikunywa chai, akafanya hesabu zake, kisha akamtazama mamake akiandika majina ya watoto waliochanjwa. Zahanati ilikuwa na kompyuta moja tu, na mwaka huo wa 1999 ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe.

Ijumaa mamake alimwambia, "Mwanangu, kesho fundi anakuja kuifuta kompyuta na kuianza upya. Ninakilie faili zote za watoto, kila eneo na disketi yake."

Nuha alinakili sita. Ya saba, ya eneo la Ndara, ilikwaruza ikakataa. Nje, wenzake walikuwa wakimwita wakacheze mchezo wa kati.

"Umemaliza?" mamake aliuliza.

"Naam, Mama."

Jumamosi fundi alifika. Aliitwa Susan Mwanzia, na Nuha hakuwa amewahi kumwona mwanamke akifungua kompyuta. Susan aliondoa kifuniko, akamwonyesha kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani.

"Hii ndiyo diski. Kila jina aliloandika mamako limo humu."

"Yote?"

"Yote, na nafasi bado tele."

Nuha alikodoa macho. Watoto wote wale, ndani ya kichuma kile!

Susan aliiwasha kompyuta kwa disketi yake mwenyewe. Skrini ikawa nyeusi, yenye maandishi meupe. "Inauliza tutumie mpango gani wa kuhifadhi faili," alieleza. "Wa zamani husomwa na kompyuta nyingi, lakini hupoteza nafasi kwenye diski kubwa. Yenu ni kubwa, nachagua mpya. Kisha nitaigawa mara mbili: sehemu ya Windows, na sehemu ya kazi ya mamako. Windows ikiharibika tena, tutafuta sehemu yake peke yake."

"Na vilivyomo sasa?"

"Vitapotea vyote. Lakini si mmeshanakili?"

Kidole cha Susan kilikuwa juu ya herufi Y, ya kukubali. Nuha alijua karatasi za majina ya Ndara zililowa mvua, zikaoza; yalibaki kwenye diski hiyo tu.

"Anti, ngoja!" alipaza sauti. "Ndara sikunakili. Disketi ilikataa, nikaenda kucheza. Mama, nilikudanganya."

Bi Saadiya, aliyesimama nyuma yao, alishika meza. "Watoto mia moja na kumi na wawili," alisema polepole.

Susan aliondoa mkono. Hakugomba. Aliiwasha tena kompyuta kama zamani, akampa Nuha disketi mpya. Nuha alinakili, akaifungua faili, akasoma majina yote, la kwanza hadi la mwisho.

Susan alirudisha skrini ile nyeusi. "Sasa bonyeza wewe," alimwambia Nuha.

Nuha alibonyeza Y. Baadaye asilimia za kazi zilianza kupanda kwenye skrini: tano, kumi, hamsini. Palipokuwa na diski moja, sasa skrini ilionyesha mbili, C na D, ilhali chuma kilikuwa kile kile. Nuha alijikuta ameziba mdomo kwa mkono.

Majina yaliporudishwa kwenye D, ya Ndara yakiwemo, Bi Saadiya alimvuta bintiye karibu.

"Kosa lako lilikuwa kubwa, lakini umelisema kabla halijawadhuru watu. Ukisema umemaliza, mwenzako huanza kazi yake kwa kukuamini. Neno hilo ni amana, mwanangu. Usilitoe kabla hujahakikisha."