Mchuzi wa Kijani

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku alifagia chumba cha cherehani kabla wateja wa mama yake hawajaanza kuingia. Aliokota pini kwa sumaku, akazoa nyuzi na vipande vya vitambaa, kisha akapanga mikasi mezani. Jina la Kasuku alipewa na wenzake darasani, kwa sababu aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Siku hizi sauti aliyoipenda zaidi ilikuwa ya shangazi yake.

"Jamani, mbona humu mnanuka mafuta ya mashine?" alisema, amebana pua kwa vidole viwili.

"Toka nje ukavute hewa," alijibu mama yake bila kuinua macho. "Halafu urudi umalize kona ile."

Shangazi alikuwa amepandishwa cheo benki, na jioni hiyo aliwaalika kula kwenye mkahawa wa Kiitaliano uliosifiwa na mji mzima. "Vaa kitu cha maana, wifi," alisema kwenye simu. "Si yale magauni yako ya kujishonea."

Walipokuwa wakijiandaa, mama alimwambia Kasuku, "Tukifika tuulize kama chakula chako kina korosho."

Korosho zilimdhuru Kasuku. Alipokuwa mdogo alikula keki yenye korosho, uso ukavimba na pumzi ikawa ya shida. Tangu hapo mama yake aliuliza kila mahali, hata kwenye sherehe za majirani.

"Mama, tafadhali. Pale si kibanda cha chai. Usituaibishe."

Mkahawani meza zilikuwa na vitambaa vyeupe, na kila mtu aliwekewa uma mbili, kana kwamba moja ingechoka. Mama alikunja ncha ya kitambaa cha meza akautazama upindo wake.

"Wifi, umekuja kula au kuchukua vipimo?" aliuliza shangazi. Kasuku alicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Orodha ya vyakula ilikuwa imeandikwa Kiitaliano. Shangazi aliitazama kidogo, akaifunga haraka, kisha akamwagiza mhudumu alete tambi kama za meza ya jirani, zenye mchuzi wa kijani.

"Sawa, mama. Kuna mtu hapa anayedhuriwa na chakula fulani?" aliuliza mhudumu.

Mama alifungua kinywa, lakini shangazi alimwahi. "Sisi si watu wa kudeka, kijana. Tunakula kila kitu."

Mhudumu alipoondoka, mama alisema, "Wifi, umesahau korosho?"

"Korosho kwenye chakula cha Waitaliano! Nani kakwambia? Mimi hapa nakuja kila wiki. Usinitie aibu mbele ya watu wanaonijua."

Mama alisukuma kiti ili amfuate mhudumu. Kasuku akamshika mkono. "Kaa, mama. Naenda kunawa. Nitamuuliza mimi."

Alimkuta mhudumu karibu na mlango wa jikoni. Hapo hapo, kwenye meza ya pembeni, waliketi wasichana wawili waliopendeza sana. Mmoja alimtazama Kasuku kuanzia viatu hadi nywele. Kasuku aliinamisha uso akapita. Aliporudi mezani alisema, "Nimemuuliza. Hakuna korosho."

Tambi zikaletwa. "Huo ni mchicha uliosagwa," alieleza shangazi. "Nimeula mpaka nimeuchoka. Zungusha uma, wifi, usizikate!"

Mama aliendelea kukata tambi zake kwa ubavu wa uma. Kasuku akamnong'oneza shangazi, "Anadhani ni kitambaa." Wakacheka wote wawili, na mama akasikia.

Kicheko hakijaisha, midomo ya Kasuku ikaanza kuwasha. Akanywa maji. Alijua ni nini, lakini kusema kungekuwa kukiri kwamba hakuuliza. Akala tena ili asitiliwe shaka. Masikio yakawaka moto, na koo likaanza kubana.

"Midomo yako ina nini?" mama aliuliza.

"Pilipili tu hiyo," alisema shangazi. "Hajazoea vyakula vya maana."

Mama alimwita mhudumu kwa sauti iliyofanya meza nyingine zigeuke. "Mchuzi huu una nini?"

"Mrehani, mama. Mafuta ya zeituni, jibini, kitunguu saumu na korosho."

"Lakini mwanangu amekuuliza, ukasema hakuna!"

"Hapana, mama. Hajaniuliza."

"Mwongo mkubwa!" shangazi alifoka. "Niitie meneja! Leo utafukuzwa kazi!"

Kasuku aliona njia imefunguka mbele yake. Angenyamaza tu, na lawama zote zingemwangukia mhudumu. Alimtazama yule kijana.

"Sikumuuliza," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nimedanganya, mama. Koo linabana."

Mama alisukuma kiti nyuma. Alimnyanyua, na mhudumu akakimbia mbele yao kusimamisha magari ili wavuke barabara hadi zahanati. Daktari alimchoma Kasuku sindano ya paja papo hapo. Pumzi ikaanza kurudi polepole.

Shangazi alifika akihema. "Makelele yote yale kwa jambo dogo!"

"Dogo?" daktari alimtazama kama mtu anayetazama viatu vyenye matope juu ya kitanda. "Mngesubiri amalize sahani, tusingekuwa tunaongea hivi."

"Mimi nilijua ni mchicha."

"Ulijua, au ulisema tu?"

Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda alicholazwa Kasuku. "Nilisema tu," alikiri mwishowe. "Hata pale leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia."

"Basi rudi ukamwombe radhi yule kijana, wifi," alisema mama. "Umemwita mwongo mbele ya watu, na wenye uongo tulikuwa nao meza moja."

Shangazi akatoka, akaelekea mkahawani. Kasuku alianza kulia. "Nisamehe, mama. Niliona aibu kuuliza. Kuna wasichana walikuwa wananitazama."

"Wako wapi sasa?" mama aliuliza. "Wameshamaliza kula, wanaenda zao. Ulitaka kuwapa uhai wako watu wasiokujua hata jina." Alimfuta machozi kwa kiganja, bila kulegeza uso. "Uongo wako ungeweza kukuua, na ungemfukuzisha kazi mtu asiye na kosa. Ulipokubali kusema kweli, ndipo tukajua la kufanya. Na mtu anayekuuliza kitakachokudhuru usimdharau, hata akikuuliza mbele ya mji mzima. Anayekucheka kwa kuuliza, mwache acheke. Kuanzia leo sitakuulizia. Utauliza mwenyewe, kwa sauti ya kusikika."

"Nitauliza, mama."

"Na ile ya kitambaa," mama aliongeza, "niliisikia. Hiyo tutaiongea nyumbani."

Kasuku alivuta shuka hadi kidevuni. Safari hii hakuiga sauti ya mtu yeyote. Alisema tu, kwa sauti yake mwenyewe, "Ndiyo, mama."