Kuku Wanaobebwa Kwapani

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Sindano alitunga uzi kwenye sindano za mama yake. Alizitunga za kutosha siku nzima, za uzi mweupe, mweusi na wa kahawia, kisha akazichomeka kwenye kipande cha godoro kilichotundikwa ukutani, karibu na cherehani. Ndiyo maana mtaani walimwita Sindano. Na tena alikuwa mwembamba hasa. Majirani walisema akisimama upande hana kivuli.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Zamani alitunga uzi huku anaongea na mteja, bila hata kutazama. Siku hizi aliulowesha uzi kwa mate, akaukaza kwa vidole, akauchomeka hewani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akauweka chini.

"Macho yamechoka tu," alisema. "Yatapumzika Jumapili."

Jumapili nyingi zilipita. Macho hayakupumzika.

Basi mama na mtoto wakabuni njia yao. Mteja akileta kitambaa na kuuliza atashonewa uzi wa rangi gani, Sindano alimshika mama mkono kama mtoto anayedeka, akauvuta polepole mpaka kwenye kibiringo cha uzi kinachofaa. Wateja walicheka. "Fundi, huyu mtoto wako ni kupe, hakuachi!" Hakuna aliyejua. Siri ile ilikuwa tamu kwa Sindano, tamu kama sukari ya kuiba.

Kisha siku moja akaja mteja mwenye blauzi.

"Fundi," alisema, akiinyoosha blauzi yake mpya mbele ya watu, "mimi Mungu amenipa mkono wa kushoto mmoja. Wewe umenishonea miwili!"

Kweli, mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Mama aliipapasa blauzi, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Ni mimi niliyekata," Sindano alidakia haraka. "Mama alikuwa jikoni."

Mwenye blauzi aliondoka akinung'unika. Lakini shangazi yake Sindano, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya karanga, hakudanganyika. Alingoja mpaka mlango ufungwe.

"Wifi," alisema, "huoni."

"Naona."

"Nimeshika nini?"

Mama alikaza macho. Shangazi alikuwa ameinua mkono mtupu.

"Utakwenda hospitali ya macho, hata kama iko mwisho wa nchi. Nauli nitatoa mimi. Maana cherehani bila macho ni chuma tu, wifi yangu. Na huyu mtoto atakula chuma?"

Hayo maneno shangazi aliyasema kwa upendo, lakini yalimwingia mama kama mwiba. Tangu mumewe afariki, cherehani ile ndiyo iliyolipa chumba, chakula na shule. Usiku ule Sindano alimsikia akilizungusha gurudumu lake taratibu, bila kitambaa, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

Shangazi akatoa nauli, mama na Sindano wakapanda treni. Mama alitaka kukaa dirishani, akakaa, akageuza uso nje.

"Niambie unachokiona," alisema. "Umri wote huu sijawahi kuvuka hata daraja la pili."

Mwanzoni Sindano hakuona cha kusema. Nyumba ni nyumba, miti ni miti. Lakini kadiri treni ilivyokwenda, vitu vidogo vidogo vilianza kubadilika.

"Mama, huku wanafagia wamesimama wima! Fagio lina mpini mrefu."

"Sisi tunainama mpaka kiuno kinalia. Kumbe kuna wenzetu wenye akili. Haya, endelea."

"Nguo hawaaniki kwenye kamba. Wanazitandaza juu ya ua wa miti. Na kuni wanabeba mgongoni, si kichwani."

"Na kuitana?"

Sindano alichungulia. Mwanamume mmoja stesheni alikuwa anamwita mwanawe. "Kiganja kinatazama chini, mama. Kama anafukuza kuku."

"Na mtoto anakwenda?"

"Anakuja mbio!"

Mama alicheka. Sindano hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Mbele yao alikaa mfanyabiashara mmoja mnene, mwenye rundo la mabeseni lililofika karibu na dari. Behewa zima lilimwita Bi Mabeseni.

"Mwanangu una macho wewe," alisema. "Mimi nimeizunguka nchi hii na mabeseni yangu mpaka nimekuwa duara kama yenyewe. Kila mahali wana lao. Kwenu mnagombania ya bluu. Huko mbele nikimpa mtu la bluu ananitazama kama nimempa jeneza. Ngoja ufike uone wanavyobeba kuku!"

Aliwapa machungwa aliyokwisha kuyamenya. Sindano alichukua lake. Mama alinyoosha mkono, ukapita kando ya chungwa, ukarudi, ukapita tena. Sindano akamshika kiwiko, akauelekeza.

Bi Mabeseni aliona. Utani ukamtoka usoni.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "jicho halina spea. Ukifika kwa daktari usifiche kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sifichi kitu," mama alijibu, akageukia dirisha.

Bi Mabeseni aliposhuka na rundo lake, mama alimvuta Sindano karibu.

"Wakinipima na kusema mimi kipofu, imekwisha. Nani atampa kipofu kitambaa chake? Leo usoni mwangu watu wananiita fundi. Kesho wataniita maskini yule." Akaupapasa mkono wa Sindano. "Utanishika mkono, sivyo?"

"Kama nyumbani?"

"Kama nyumbani."

Sindano alitikisa kichwa kukubali. Halafu akakumbuka mama haoni, akasema, "Ndiyo, mama."

Waliposhuka, kitu cha kwanza alichokiona Sindano ni mwanamke aliyembeba kuku kwapani, kichwa cha kuku kikichungulia mbele kama abiria.

"Mama! Huku hawawashiki miguu wakaning'inia kichwa chini. Wanawabeba kwapani."

"Kuku wa huku wana heshima zao," mama alisema. Lakini safari hii hakucheka.

Hospitalini watu walikaa kwenye mabenchi marefu, na foleni ilipita mlango ikaingia uani. Mapazia ya kijani, sakafu inayonuka dawa, na ukimya. Wagonjwa waliingia kwa daktari wakiongozwa, wakatoka wakiongozwa. Mzee mmoja alitoka akasimama tu katikati ya njia. Kijana aliyemleta aliuliza, "Amesemaje, babu?" Mzee akajibu, "Amesema pole."

Sindano aliwatazama wale watu mmoja mmoja. Hakuona hata mmoja aliyetoka akitabasamu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso wa uchovu. Ukutani kwake palikuwa na karatasi yenye alama moja tu iliyorudiwa mistari na mistari, alama kama uma wenye meno matatu. Pengine meno yalitazama juu, pengine chini, kulia au kushoto. Mstari wa juu alama zilikuwa kubwa kama mkate, za mwisho ndogo kama siafu.

"Nionyeshe kwa mkono, mama. Meno yanatazama wapi?"

"Daktari, naomba nimshike mwanangu," mama alisema. "Miguu imekufa ganzi kwa safari."

"Mshike tu."

Muuguzi alimfunika mama jicho moja. Daktari alinyoosha kijiti chake. Sindano, nyuma ya gauni la mama, aliuvuta mkono wake juu kidogo.

"Juu," mama alisema.

Kijiti kikashuka. Sindano akavuta kulia. "Kulia." Kisha chini. "Chini." Mstari kwa mstari, mpaka wale siafu. Jicho la pili likafunikwa, mambo yakawa yale yale.

"Hongera," daktari alisema, akiandika haraka bila kuinua kichwa. "Huo mstari wa mwisho hata mimi unanishinda. Mmetoka mbali, eh? Safari ilikuwaje?"

Mama alishusha pumzi. Woga ulimtoka, maneno yakamjaa. Akasimulia fagio lenye mpini mrefu, nguo juu ya ua, kuni mgongoni, kiganja kinachotazama chini. Aliposema kuku wa huku wana heshima zao, daktari aliweka kalamu akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mimi nimezaliwa hapa, sijawahi kuliwazia hilo! Wagonjwa wangu wengi hawaioni hata treni yenyewe. Wewe umeona mpaka kuku. Nenda nyumbani, mama. Macho yako ni mazima, pumzika tu." Akaita, "Anayefuata!"

Mama aliinuka akitabasamu. Akageuka, akaanza kwenda moja kwa moja kuelekea kabatini. Sindano akamwahi, akamgeuza kwenye mlango.

Mlangoni Sindano alisimama.

Walikuwa wameshinda. Mbona basi alihisi kama wameanguka? Kila kitu alichokisimulia mama, Sindano alikuwa amekiweka kinywani mwake. Mama hakuona fagio. Hakuona hata kuku mmoja. Na sasa mtu pekee katika nchi nzima aliyeweza kumsaidia alikuwa amemwambia aende zake. Kesho Sindano angekuwa shuleni, na mama angekuwa barabarani, peke yake, na macho mazima ya kwenye karatasi.

"Mama, twende?" muuguzi alisema. "Mnaziba njia."

"Daktari," Sindano alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mama hakuona."

"Nyamaza, wewe!" mama alifoka.

"Nilikuwa namvuta mkono. Juu, chini, yote ni mimi. Na wale kuku..." Akaanza kulia. "Wale kuku niliwaona mimi."

Mama aliuchomoa mkono wake. Tangu walipoibuni njia yao, ilikuwa mara ya kwanza mama kuukataa mkono wa Sindano.

Daktari aliinuka, akafunga mlango. Mama alirudishwa kitini, na Sindano akaambiwa akae pembeni kwenye kigoda.

"Hii alama inatazama wapi, mama?"

Mama aligeuza uso huku na huku.

"Hii kubwa ya juu?"

Mama alinyoosha shingo mbele. Kisha sauti ndogo: "Hapo kuna karatasi?"

Daktari aliweka kijiti chini. Alizima taa, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akakaa nalo muda mrefu. Alipowasha taa, aliketi karibu kabisa na mama, magoti yakigusana.

"Sitakudanganya," alisema. "Ni presha ya macho. Haiumi, inakula polepole kama mchwa. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki kitundu tu, kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo, na penyewe pana ukungu. Kilichopotea hakitarudi, si kwa dawa wala kwa kisu. Ungekuja macho yalipoanza tu kukusumbua, leo tungekuwa tunaongea mengine."

"Basi imekwisha," mama alisema.

"Hicho kitundu hakijakwisha. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yako yote. Ukiitumia bila kukosa, huenda kikabaki. Ukienda nyumbani bila dawa, kitafungwa kabla ya mwanao kumaliza shule." Kisha akamgeukia Sindano, na uso wake haukuwa mkali. "Na mimi nimekosa. Foleni ilinisukuma, nikauamini ukuta badala ya kulitazama jicho. Lakini sikiliza, mwanangu. Ulikuwa unafikiri unamsaidia mama. Ulikuwa unausaidia ugonjwa. Ugonjwa unapenda sana watu wenye huruma wanaonyamaza. Kumshika mgonjwa mkono ni vizuri. Kumsemea uongo ni kumsukuma shimoni huku umemshika mkono. Leo umesema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyookoa kitundu kilichobaki. Kingine chote tumechelewa."

Walitoka nje. Watu wa kwenye benchi waliwatazama, kama Sindano alivyomtazama yule mzee. Mama alitembea akipapasa ukuta, na Sindano alimfuata nyuma hatua moja, akiogopa kumgusa. Ukuta ulipoisha, mama alisimama. Alinyoosha mkono hewani, ukapita kushoto, ukapita kulia.

Sindano aliushika.

Kwenye treni, jua lilianza kuinama. Sindano alimdondoshea tone la jioni, kama muuguzi alivyomfundisha. Lilichuruzika shavuni na kuchanganyika na machozi, haikujulikana lipi ni lipi.

"Ile blauzi ya mikono miwili ya kushoto," mama alisema hatimaye. "Tukifika, nitamfuata mwenyewe nimwambie ni mimi. Nitashona mashuka, mapazia, mifuko, vitu vyenye mstari mmoja ulionyooka. Wanaotaka, walete wakijua. Wasiotaka..." Hakumaliza. "Na wewe usiniambie tena kitu kizuri ambacho hakipo. Hata kikiwa kibaya, kiseme kilivyo. Mwenye macho akidanganywa atajionea. Asiyeona akidanganywa na macho yake, ataenda wapi?"

"Sitakudanganya, mama."

"Haya. Niambie. Tumefika wapi?"

Sindano aliegemea dirisha. Asingependa kuona kile alichokiona, lakini alikisema.

"Vumbi, mama. Mahindi yamekauka. Kuna mwanamke anafagia uwanja, ameinama mpaka chini. Na mwanamume wa baiskeli ana kuku, amewashika miguu, vichwa vinaning'inia."

Mama alifumba macho yake, yale ambayo kufumba na kufumbua yalikuwa karibu sawa.

"Maskini kuku," alisema. "Basi tumekaribia nyumbani."