Programu Iliyokubali Kila Hodi

Lukumani alichomoa waya, lakini kompyuta ikaendelea kusema imeunganishwa. Akazima antena. Bado. Kwenye skrini palibaki mtandao mmoja usio na jina, wenye nguvu kuliko wowote aliowahi kuuona mjini Kasongo.

Kwa muda mrefu alikuwa akibuni programu moja ya kupanga mitandao yote, ya waya, ya antena na ya simu, kwa ajili ya mfumo huria wa kompyuta, ule wa bure ambao fundi yeyote duniani anaruhusiwa kuuongezea kitu. Hapo awali kila njia ilikuwa na maagizo yake, na watu walitaabika. Aliwaahidi mafundi wenzake wa mbali kuwaonyesha upesi. Kwa haraka hiyo akaandika mstari mmoja aliojua ni mbaya: chochote kitakachobisha hodi, kikaribishwe bila kuulizwa jina.

Mchana ule, jua likiwa utosini, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Spika ikavuta pumzi. Kisha sauti ya mke wake, Latifa, ikasema polepole:

"Nimeingia."

Latifa alikuwa uani, akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga.

Mama Amisa, mama yake Lukumani, aliisikia sauti hiyo akiwa ukumbini, ikicheka, ikimwambia kwamba kaburi la marehemu mumewe limejaa maji, na alipochungulia uani akamwona mkwe wake ameinamia kinu, mdomo umefumba, mchi ukipanda na kushuka, huku kicheko chake kikitoka ukutani, akamwita mwanawe.

"Muke wako iko na jini," alimnong'oneza mwanawe.

Lukumani aliukumbuka ule mstari wake. Mafundi wangesema nini? Mtaa je? Akajibu, "Pengine, mama."

Maalim Souleymane, mtoa majini wa mtaa, akaitwa. Alimfukiza Latifa kwa ubani na pilipili mpaka akatapika, akasema jini limekalia nywele, zinyolewe. Wanawake wa jirani wakamshika.

"Lukumani, waambie," Latifa alisema. "Haiko miye. Unajua haiko miye."

Lukumani akatazama sakafu, na wembe ukapita, na kadiri nywele zilivyoanguka ndivyo sauti ya Latifa ilivyolia, ikiomba huruma, ikipanda juu zaidi na zaidi, mpaka wanawake wale wakamwachia kwa hofu, kwa maana Latifa mwenyewe alikuwa amenyamaza kabisa, machozi yakimtiririka, na kilio kilikuwa kikitoka nyuma ya ukuta, chumbani kwa mumewe.

Maalim akaweka wembe chini. "Nani alilifungulia?"

"Miye." Sauti ilimtoka Lukumani kama ya mtoto aliyejikojolea. "Toka mwanzo nilijua."

Akaenda chumbani, Maalim nyuma yake akisoma dua, na huku pumzi ya moto ikimpuliza shingoni akaufuta ule mstari. Spika ikakohoa. Harufu ikaisha.

Asubuhi yake pikipiki ya kwenda Wamaza, kwa wazazi wa Latifa, ilingoja nje. Mama Amisa alilia mlangoni, asithubutu kumkaribia mkwe wake. Lukumani alifunga begi nyuma ya kiti, macho chini.

"Utarudi lini?" aliuliza.

Latifa alikaza kitambaa kichwani.

"Nywele zikiota," alisema, akapanda.