Chumba Chenye Dirisha la Ziwa

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, Bi Verna Tollefson alifika kwake akitokea hospitali, ufunguo ukagoma kuingia. Kitasa kilikuwa kipya. Karatasi mlangoni ilisema nyumba si yake tena. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wake wa kushoto, na hapo ukingoni mwa ziwa ndipo alipotaka kufia.

Mchana, mpelelezi Marlys Prochnow wa ofisi ya sherifu alimkuta kwenye makao ya wazee, ameketi ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

"Ulitia saini hati yoyote, Bi Verna?"

"Sijatia! Wiki ile ya kiharusi, Jumanne nilishinda kwenye kiti cha chuma mpaka mgongo ukalia. Jumatano nikalala kutwa. Alhamisi nikaanguka. Nirudishe kwangu, binti. Humu mtu huja kungoja zamu yake tu."

Marlys alimshuku kwanza Curtis, mpwa wa Bi Verna, aliyekuwa akimsumbua auze nyumba. Alimkuta akipaka mashua yake rangi.

"Mimi?" Curtis alicheka kwa uchungu. "Shangazi kaniandikia nyumba kwenye wosia. Niibe changu mwenyewe? Muulize Brekke, ndiye aliyeuandika."

Thaddeus Brekke alikuwa wakili wa wazee: wosia, urithi, makao ya kulelea. Mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyelelewa na bibi yake, na hilo hakuacha kulisema. Picha ukutani zilimwonyesha akiwapelekea wazee chakula cha moto. Wosia wa mama yake Marlys aliuandika bure. Kwenye kivuli cha taa ya mezani alibandika, safu nzima, vibandiko vya duara wanavyopewa waliopiga kura.

"Bi Verna alitoa nyumba kwa hiari, tujenge makao ya wazee," alisema, akisukuma hati mbele. "Jumanne, tarehe nne Aprili, saa nne asubuhi, jikoni kwake. Mimi na katibu wangu tulishuhudia. Jumanne ndiyo siku yangu ya kuwazungukia wazee. Miaka ishirini sijakosa."

Marlys aliitazama tena ile taa. Kibandiko cha mwisho kilikuwa bado kinang'aa. Akaaga, akaenda moja kwa moja kwa karani wa mji.

Alhamisi, saa nane mchana, Brekke alikuwa kwenye ukumbi wa makao akitoa somo la bure: jinsi ya kulinda mali uzeeni. Aliwagawia wazee biskuti kwa mkono wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Akamsukuma Bi Verna na kiti chake cha magurudumu hadi mbele.

"Wakili, hati ilisainiwa lini?"

"Nilishakwambia. Jumanne, saa nne asubuhi."

"Jumanne ya uchaguzi." Marlys alifungua daftari la kituo cha kura, alilopewa na karani wa mji. "Bi Verna aliapishwa kusimamia kura saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa tatu usiku. Hata chakula alikula palepale."

"Karatasi yako ya kura nilikupa mimi, Thaddeus," alisema Bi Verna. "Ukaniambia nimependeza."

Kule nyuma katibu alianza kulia. "Alisema bibi hatarudi tena! Akaniambia nisaini tu!"

"Ulitaka siku yoyote kabla ya kiharusi," Marlys alisema, "mkono ukakimbilia Jumanne kwa mazoea."

Mzee mmoja aliitema biskuti kwenye leso. Brekke aliona, akawa mwekundu hadi shingoni.

"Sikula hata senti! Ni makao ya watu sitini!"

"Yenye jina lako mlangoni," alisema Marlys, akitoa pingu. Aliona kinyaa hata kumshika mkono.

Brekke alimgeukia yule bibi. "Verna, chumba cha kwanza kingekuwa chako. Chenye dirisha la ziwa."

"Ninacho," alisema Bi Verna, akanyoosha mkono wake mzima. "Lete ufunguo."