Sauti ya Helmi

"Mzee Waino, hiyo mashine yako ina ugomvi gani na mimi?" Raili alifoka kutoka kibarazani. "Kila ukisafisha njia yako, theluji yote inahamia kwangu!"

"Ni upepo huo, mama Kerttu. Kaushtaki upepo!" jirani yake alijibu huku akizima mashine yake ya kurushia theluji kando. "Usinikwepe, tumalize ya jana. Bado unataka kurundika nakala za akiba za kompyuta za shule zote na maktaba zote mahali pamoja?"

Kerttu, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama nyuma ya mama yake akinywa chokoleti ya moto. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya theluji, jambo la kawaida kule kaskazini mwa Michigan. Ugomvi wa hawa wawili nao ulikuwa wa kawaida. Siku wasipobishana, mtaa mzima huuliza nani anaumwa. Mama yake alisimamia kompyuta kubwa, yaani seva, za shule na maktaba za wilaya nzima. Kabla yake, kazi hiyo ilikuwa ya mzee Waino. Alipostaafu alimkabidhi Raili ofisi, lakini ulimi hakuukabidhi.

"Umesahau lile paa la maktaba ya kijijini?" Raili alisema. "Lilielemewa na theluji likaporomoka. Kompyuta ikalowa, na nakala zake za akiba zilizokuwa rafu ya chini zikalowa pamoja nayo. Ndiyo maana nataka kila seva itume nakala jioni kwenye ghala moja, na ghala hilo liwe na pacha wake mji mwingine."

"Haya, huyo pacha nimemkubali. Lakini hiyo mifumo miwili ya kunakili mnayoijaribu, mmewahi kurudisha vitu kutoka humo, au mnatazama taa za kijani tu na kupongezana?"

"Tumejaribu, tena aliyejaribu ni Kerttu. Nilijiambia, mtoto akiweza, karani yeyote ataweza. Alirudisha folda ya Sauti za Wazee akafungua rekodi moja moja. Mfumo wa kwanza umerudisha zote, tena upesi. Kamati ikinipigia simu saa nane mchana, ndio nitakaouchagua."

Chokoleti ilimpalia Kerttu.

Kweli, mama alikuwa amempa kazi hiyo. Lakini siku ile rafiki zake walikuwa wakimngoja uwanjani, wameshavaa viatu vya kuteleza kwenye barafu. Alibonyeza, akaona alama ya kijani, akamwambia mama zote zimerudi, kisha akakimbilia mpira wa magongo.

Akinyamaza, nani atajua? Lakini aliwaza paa jingine likianguka, karani akibonyeza kitufe, na wala hakuna kinachorudi. Tena ndani ya folda ile, yenye rekodi za wazee wakisimulia maisha yao, ilikuwemo sauti ya Helmi, marehemu mke wa mzee Waino.

"Mama," alisema. "Sikufungua hata rekodi moja. Niliona kijani tu, nikaenda kucheza."

Mzee Waino alisogea hadi kwenye ngazi za kibaraza.

"Ulinitazama usoni ukaniambia zote zimerudi," Raili alisema polepole.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Hasira zangu zitangoja. Nenda kawashe kompyuta. Na wewe mzee, ingia, utaganda hapo kama mlingoti."

Walikaa watatu kwenye meza ya jikoni. Mfumo wa kwanza ulikimbia, ukamaliza, ukawasha alama yake ya kijani. Kerttu alifungua rekodi moja baada ya nyingine. Mchimba shaba alikohoa na kucheka, bibi mmoja akasimulia harusi iliyokwama kwenye theluji. Raili alianza kushusha pumzi.

"Helmi yuko wapi?" mzee Waino aliuliza.

Kerttu alitafuta juu, akatafuta chini. Hayumo.

"Lakini si kimewaka kijani!" alishangaa.

Wakajaribu mfumo wa pili. Huo ulijikokota hadi chai ikapoa. Ulipomaliza, Helmi alikuwemo.

Raili alikuna kichwa. "Mzee, rekodi hii huwa unaisikiliza saa ngapi?"

Masikio ya mzee yaliiva. "Jioni, nikishakula. Naifungua moja kwa moja kutoka seva ya maktaba. Siku nyingine napitiwa na usingizi ikiwa bado wazi."

"Na nakala zinachukuliwa jioni!" Raili alipiga meza. "Mfumo wa kwanza ukikuta faili liko wazi unaliruka, halafu unawasha kijani kana kwamba hapana kitu. Wa pili unalinakili hivyohivyo. Hebu fikirini, orodha ya vitabu vilivyoazimwa haifungwi hata siku moja! Vile tunavyovitumia zaidi ndivyo ambavyo tungevipoteza."

Kerttu alibonyeza. Sauti yenye kicheko ikajaa jikoni: "Waino! Shuka huko juu ya paa, chakula kinapoa!"

Mzee alitoa leso, akasingizia mafua.

Simu ilipolia, Raili aliutaja mfumo wa pili. "Ni mzito kidogo, lakini haurudi mikono mitupu," aliieleza kamati. Kisha akamgeukia binti yake.

"Uongo wa siku ile umeniumiza, Kerttu, na Jumamosi hii huendi uwanjani. Lakini kwa ukweli wa leo nakushukuru sana, maana umeokoa kazi za watu wengi wasiokujua. Alama ya kijani si kazi. Kazi imeisha pale unapofungua na kuona kwa macho yako. Na ukikosea, sema wakati bado inasaidia."

"Nimeelewa, mama. Ahsante kwa kunisikiliza."

Mzee Waino alimshika bega msichana, akaenda zake.

Kerttu alichukua beleshi akatoka kusafisha njia ya jirani. Baada ya kitambo mama yake naye akaja na la kwake, akichota theluji ileile aliyoilalamikia asubuhi. Walikuwa wamefika karibu na ngazi mlango ulipofunguliwa, na harufu ya mchuzi wa nyama na viazi ikawapokea.

"Nyie wawili!" mzee Waino aliita. "Wekeni mabeleshi chini mwingie ndani, chakula kinapoa!"