Kadi ya Matundu Mawili

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya maghorofa Waya alipofika kwenye duka la vipuri, na mwenye duka alikuwa ameanza kuteremsha mlango wa chuma. Wateja walimwita Babu Skrubu. Mzee mkavu, mpole wa maneno, aliyeuza kompyuta kuukuu na matumbo yake. Waya alimwomba amvumilie kidogo, akainama, akapenya chini ya mlango.

Waya naye hakupewa jina hilo na wazazi. Lilikuwa jina la kazi. Alitandaza nyaya za mtandao maofisini, na kazi yake ilisifiwa mji mzima. Lakini mganga hajigangi. Siku chache nyuma, mkewe alikuwa amefungua tableti ya binti yao akakuta mtu asiyejulikana anamwandikia mtoto, anamuuliza anasoma shule gani na jioni anafuatwa na nani. Mkewe hakupiga kelele. Aliiweka tableti mbele ya Waya, kando ya sahani yake, akasimama pale mpaka alipomaliza kusoma.

Ndipo Waya alipoamua kujenga ukuta wa mtandao. Ni kompyuta tu, inayokaa kati ya nyumba na dunia kama bawabu, inakagua kila kinachoingia na kila kinachotoka. Alikuwa na kompyuta ya zamani ya ofisini, nyembamba kama begi la shule, isiyokula umeme sana. Shida ilikuwa matundu. Ukuta unataka tundu la waya wa nje na tundu la waya wa ndani, na ile ilikuwa nalo moja tu. Akapachika kadi mpya ya kuongeza tundu, nyepesi kama kaki. Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Mchana ikipata joto, mtandao unakatika. Akabadilisha nyaya. Akabadilisha chipu ya kumbukumbu, akaazima pawa saplai nyingine ya kuilisha umeme, akafungua kifuniko na kuielekezea feni ya mezani. Wapi. Mwishowe alibaki na mshukiwa mmoja, kadi yenyewe. Rahisi ghali.

Babu Skrubu alimsikiliza mpaka mwisho bila kuuliza swali hata moja la kiufundi. Kisha akavuta droo, akatoa kitu kilichoviringishwa ndani ya soksi ya mtoto, betri ndogo imefungwa ubavuni.

Ilikuwa kadi. Nzito, yenye matundu mawili, ya aina inayofungwa kwenye kompyuta kubwa zisizozimwa mwaka mzima. Waya aliitambua papo hapo, moyo ukamruka kwa furaha. Ila ilinuka. Kama nywele zilizoungua. Akajiambia ni vumbi la kwenye feni.

Aliishika. Mzee hakuiachia.

"Kwako nani anaongea sana?" mzee alinong'ona.

Waya alidhani ni utani wa kufungia duka. Akamwambia ni binti yake, anayeongea mpaka wamembandika jina la Kasuku.

"Kasuku," mzee alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Ndipo akaiachia.

Kadi ilikubali bila ubishi. Waya alichomeka waya wa nje kwenye tundu la kompyuta, wa ndani kwenye tundu la kwanza la kadi, na tundu la pili akaliacha wazi. Mtandao ukatulia kama maji ya mtungini. Yule mtu wa kwenye tableti alijaribu mara kadhaa kubisha, akakuta pamefungwa, akapotea. Kasuku alikaa ubavuni mwa baba yake akimchosha kwa maswali. Ukuta unamjuaje mtu mbaya? Na mtu mzuri akija hana jina, naye anafukuzwa? Na ukuta unalala saa ngapi? Waya alimjibu kila swali, na moyoni alijiona baba kamili.

Jioni ya pili, Kasuku alikatika katikati ya sentensi.

Alikuwa akimsimulia mama yake ugomvi wa shuleni, nani alimvuta nani sketi. Mdomo ukaendelea kwenda. Ulimi ukacheza. Sauti haikutoka. Mama yake alicheka, akajua ni michezo yake. Kisha akayaona macho ya mtoto, na kicheko kikamfia kooni.

Hospitalini, daktari alimulika koo, akalipiga picha, akasema halina jeraha wala uvimbe. Aliwavuta wazazi pembeni akawauliza kama mtoto ametishwa na mtu. Wote wawili wakamfikiria yule wa kwenye tableti. Waya alirudi nyumbani damu inamchemka, akafungua kumbukumbu za ukuta wake kumsaka.

Hakumkuta. Alichokikuta kilikuwa ndani.

Kilikuwa kifaa kisicho na jina. Kilikuwa kimeingia kupitia tundu la pili la kadi, lile alilokuwa ameliacha wazi, na hapo nyuma ya kompyuta, kwenye tundu lisilo na waya, taa ndogo ya kijani ilikuwa ikipepesa.

Waya alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi haanzi na mashetani. Alijua kadi mbovu husema uongo. Akapuliza vumbi. Akaibadilishia mipangilio, akalizima tundu lile kwa amri, akalichomekea waya wa majaribio na kulipima. Vipimo vyote vilisema tundu limekufa. Taa ikaendelea kupepesa. Na kilichopita humo kilikuwa chembamba, kisichokatika, cha upande mmoja, kama simu ambayo mtu mmoja anaongea na mwenzake kanyamaza.

Akakielekeza kwenye spika za masikioni.

Mwanzoni mvumo tu. Upepo ndani ya bomba.

Kisha...

"Baba... nifungulie."

Waya aliinua macho. Kasuku alikuwa ameketi mezani, hatua chache kutoka kwake, akipaka rangi picha ya nyumba. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Baba, huku giza. Kuna watu. Wananiziba mdomo."

Na nyuma ya sauti ile kulikuwa na wengine. Wengi. Hawakusema kitu. Walikuwa wakihema tu.

Waya hakufikiri. Alinyoosha mkono akazima kompyuta.

Kasuku akaporomoka kutoka kitini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Hakutikisika. Kifua hakikupanda. Midomo ikaanza kugeuka rangi ya majivu, na mama yake, aliyekuja mbio kutoka jikoni, akamwinua na kumtikisa na kumpulizia. Waya alibaki ameganda, kidole bado kiko kwenye kitufe. Kisha akakibonyeza tena. Feni ikavuma. Taa ya kijani ikawaka...

Mtoto akavuta pumzi.

Hakuna aliyehitaji kumweleza mama mtu. Aliitazama kompyuta, akamtazama mumewe, akauliza kwa sauti ya chini kabisa ameitoa wapi kadi hiyo.

Siku hiyo hiyo Waya alifunga betri ya akiba, na nyingine ya kuisaidia ile, maana umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia zake. Kisha akaenda kwa Babu Skrubu.

Alimkuta na mkewe. Mtaa mzima ulimjua bibi yule kuwa bubu. Miaka yote aliketi mlangoni mwa duka akipokea salamu kwa kuinamisha kichwa. Sasa alikuwa akiongea. Aliongea kuhusu joto, kuhusu wateja wasiofunga milango, kuhusu ladha ya chai, hakumeza mate. Alimkaribisha Waya kwa maneno matamu, akamuuliza hali ya watoto.

Waya alimshika mzee ukosi akamsukumia kwenye rafu. Mzee hakujitetea. Alingoja mkono ulegee, kisha akasema kwa mnong'ono ili mkewe asisikie. Kadi ilimfikia ndani ya kompyuta chakavu, na aliyeileta alimuuliza swali lile lile, naye akajibu kwa kucheka, akamtaja mkewe. Kuivunja ni kuua. Kuizima ni kuua, ndiyo maana droo ilikaa nayo na betri. Kuitupa ni kuua. Kuihamisha bila kuizima inawezekana, ila lazima aipokee mtu anayeitaka, kwa mikono yake, na ataje jina la mtu wake kwa kinywa chake.

"Nani anazichukua hizo sauti?" Waya aliuliza.

"Sijui. Mimi nauza vipuri."

Waya alitaka kujua kwa nini yeye, alimkosea nini. Mzee alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta kumbukumbu ndogo.

"Ulikuwa mteja wa mwisho siku ile," alisema. "Nilikuwa nimechoka kungoja."

Nyumbani, Waya aliketi kando ya kompyuta akiwapanga watu kichwani. Msimamizi mmoja aliyewahi kumfukuza kazi. Shemeji mlevi. Hakuna aliyehitaji ukuta wa mtandao, na mtu asiyekitaka kitu hakipokei. Mkewe alikuwa akikunja nguo. Alikunja gauni la Kasuku, akalilaza mapajani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Mtoto wa jirani hajaanza kuongea," alisema.

Waya aliigusa betri kuona kama ina joto.

"Hatajua alichokosa," mkewe aliendelea, kwa upole ule ule. "Wala mama yake."

Jirani huyo alikuwa mke kijana. Nyumba zao ziliegemeana, ukuta mmoja. Mumewe alifanya kazi mbali, na simu zao za video zilikatika kila mara. Alikuwa ameshamwomba Waya zaidi ya mara moja aje amtazamie mtandao wake. Mke wa Waya ndiye aliyemshika mkono siku alipojifungua. Ndiye aliyempa nguo za kwanza za mtoto, zile zilizombana Kasuku.

Walikwenda wote wawili, jua likiinama. Waya aliibeba kompyuta ikiwa hai, betri imefungwa ubavuni, akitembea kama aliyebeba mgonjwa. Mkewe alibeba tabasamu. Jirani alifurahi mpaka akakosa pa kuwaketisha. Mke wa Waya akampakata mtoto, akamnusa kichwani, akamchezesha vidole, na mtoto akacheka cheko lile la watoto wachanga linalotoka tumboni.

Waya alimwambia jirani aishike kompyuta kidogo, aone ilivyo nzito. Jirani akanyoosha mikono miwili. Waya hakuiachia.

"Humu ndani nani ana maneno mengi?"

Jirani alicheka. Akamgeukia mwanawe, akasema maneno bado hana ila kelele zake zinatosha mtaa, na akamtaja kwa jina lake la kubembelezewa.

Waya akaachia.

Mtoto alikuwa bado anacheka mapajani mwa mke wa Waya. Mdomo wazi, macho yanang'aa, tumbo linaruka.

Kimya.

Jirani alikuwa akiitazama kompyuta. Hakuona. Mke wa Waya alimbusu mtoto, akamlaza begani, akampigapiga mgongoni kana kwamba anamtoa hewa.

Waliporudi, Kasuku alikuwa amesimama mlangoni. "Mama," alisema. Mama yake akapiga magoti palepale barazani, akalia kilio alichokuwa amekizuia siku zote zile. Waya aliwakumbatia wote wawili. Hakutaka kujiuliza kilichomjaa ni furaha au ni nini.

Sauti ilirudi, lakini si ule mmiminiko wa maneno. Mtoto aliongea akiulizwa, na kwa kifupi. Jina la Kasuku likafa lenyewe. Waya alijaribu mara moja kumuuliza kule kulikuwa wapi, na wale waliokuwa wakihema walikuwa kina nani. Mtoto aliinuka, akamziba baba yake mdomo kwa kiganja. Hakumbana. Alikiweka pale, akimtazama machoni, mpaka baba alipoacha kuuliza.

Jirani alikuja kushukuru. Simu zilikuwa hazikatiki tena. Mumewe alimwona mwanawe vizuri kila siku. Na mtoto amekuwa mpole ajabu, alisema. Halii kabisa. Hata akianguka. Mke wa Waya akamjibu kwamba watoto ndivyo walivyo, hubadilika, ashukuru tu anapata usingizi.

Ikapita mvua, likaja joto. Jioni moja Waya alimkuta binti yake chumbani, amekaa sakafuni, sikio limegandamizwa kwenye ukuta wa upande wa jirani. Alikuwa akinong'ona. Waya alisimama mlangoni. Akasikia, "Nyamaza. Nyamaza, basi."

Akamuuliza anaongea na nani.

"Mtoto wa jirani."

Waya alijilazimisha kuuliza anasema nini.

"Hasemi. Hana maneno, Baba. Analia tu." Aligandamiza sikio zaidi, akasikiliza kitambo. "Mimi nilijua kusema nifungulie."

Waya aligeuka. Mkewe alikuwa sebuleni, nguo za kukunja zimejaa mapajani, na ilikuwa wazi amesikia yote. Hakumtazama. Alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.