Aliyeitika Mugutha

Mwaka 1958, walipokuwa wakipima mashamba ya Mugutha karibu na Ruiru, jina liliitwa mara tatu, na aliyeitika hakuonekana.

Utaratibu ulikuwa huu. Wapimaji walivuta mnyororo kutoka pembe hadi pembe, wakifuata matoka, maua ambayo Wakikuyu hupanda kuonyesha mpaka. Karani alisimama na kitabu akaita jina la mwenye shamba. Mwenyewe akisema "Niko," liliandikwa. Akikosa kuitika mara ya tatu, shamba lilihesabiwa halina mtu, na kamati ikalitoa kwa mwingine.

Karani alikuwa Nicanor Barasa, mtu wa Bungoma aliyeajiriwa katika ofisi ya ardhi mjini Thika. Kwao hakuwa na hata hatua moja ya udongo. Alipokuwa kazini, ndugu zake waligawana shamba la baba yao, na fungu lake halikukumbukwa. Hedimani Muigai, mkuu wa kijiji, alilijua jambo hilo, na juma moja kabla ya kupima alimvuta kando.

"Gathogo, mwenye shamba lile, amefungwa na serikali huko kambini. Huenda ameshakufa. Ukiita na kukawa kimya, shamba linakuja kwangu, na eka moja ya pembeni ni yako. Umenisikia, karani?"

Barasa alikuwa amesikia.

Siku ya kupima, Ngendo, mke wa Gathogo, alikuja na mkebe wa kakao. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya mumewe za miaka kumi na minne, kila moja imeandikwa Mugutha.

"Mimi nitamwitikia," alisema.

"Mama, sheria inataka mwenyewe."

"Mwenyewe mmemfungia. Aitike kutoka wapi?"

"Leo Ngendo ameota ndevu!" Muigai alisema, na baadhi ya watu wakacheka. Askari wa kijiji wakamrudisha nyuma.

Barasa aliita. "Gathogo wa Njuguna!" Kimya. "Gathogo wa Njuguna!" Ngendo alifungua mdomo, askari akauziba kwa kiganja. Barasa akaita mara ya tatu.

"Niko."

Sauti ilitoka kwenye matoka. Ilikuwa ya mwanamume asiye na haraka, kama anayejibu kutoka chumba cha pili. Wapimaji waliangusha mnyororo. Mmoja alikwenda akayafunua majani kwa fimbo, akarudi akitikisa kichwa. Askari aliondoa mkono.

"Hiyo si sauti ya mume wangu," Ngendo alisema polepole. Yeye peke yake hakuwa akitazama matoka. Alikuwa akimtazama Barasa.

"Ni watu wa kutania hao," alisema Muigai. "Andika hakuna mtu."

Barasa aliandika. Kisha akaupokea mkebe, akamwambia Ngendo atalinganisha stakabadhi na daftari la kodi, aje ofisini kuuliza. Alizilinganisha kweli, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kazi. Zote kumi na nne zililingana. Akaufungia mkebe katika mtoto wa meza wa chini, funguo akatia mfukoni.

Kesho yake ofisi ilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi, ule wa baada ya mvua. Ilikuwa Februari, na mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi.

"Barasa, bwana, umetuletea shamba lote ndani ya viatu?" alisema Ajwang, mpiga chapa, akifungua dirisha.

Mkebe ulikuwa juu ya meza ya Barasa. Kifuniko kilikuwa pembeni, na stakabadhi zimepangwa kwa miaka, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia. Alizikusanya akazifungia. Siku iliyofuata alizikuta zimepangwa tena. Siku ya tatu kulikuwa na nafasi tupu mwishoni mwa mstari, upana wa stakabadhi moja, na hapo mezani kulikuwa na alama ya kidole cha matope.

Kisha ukaja mnyororo. Kwanza aliusikia saa nne asubuhi, nje, ukiburutwa juu ya kokoto: kra, kra, kimya; kra, kra, kimya, kama wapimaji wanavyofanya wanapofika mwisho wa kipimo. Alichungulia, uwanja ulikuwa mtupu. Siku iliyofuata ulikuwa kwenye veranda, na siku ya pili yake ulikuwa ndani, chini ya mbao za sakafu, ukitoka mlangoni kuja kwenye meza yake, ukisimama kila baada ya hatua chache kana kwamba kuna mtu anayengoja kipimo kiandikwe, na Barasa akajikuta ameshika kalamu na ameshaandika, kwa mwandiko wake mwenyewe, urefu wa chumba hicho.

Ajwang aliacha kutania. "Mimi nasali kanisani kama wewe," alinong'ona, "lakini kuna mama mmoja mganga huko Gatuanyaga. Twende leo, tusingoje kesho."

Mama huyo, Mbula, walimkuta akifunga mbuzi. Alimsikiliza Barasa mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza jambo moja kwanza.

"Mwenye jina alikuwa na mtu wa kumwitikia?"

"Mke wake."

"Mkamziba mdomo."

Ajwang alimgeukia Barasa.

"Sina dawa ya kukuuzia, karani. Jini hutafuta mahali pasipo na mwenyewe. Porini hupata, na hatusumbuani. Nyinyi mmemtengenezea mahali kwa kalamu, mkamwita mara tatu, naye akaitika. Mwandike Gathogo palepale mlipomfuta, atatoka. Kitabu kinafungwa lini?"

"Ijumaa. Kikipigwa muhuri, hata korti haiwezi kukigeuza."

"Basi kikipigwa muhuri, naye hageuzwi." Alikaza kamba ya mbuzi. "Na akishapata mahali, atataka jina la kukaa nalo."

Ijumaa Barasa alifika kabla ya wote. Alifungua kitabu kwenye ukurasa wa Mugutha. Wino ulikuwepo, kalamu ilikuwepo, na afisa Mzungu wa muhuri angekuja saa tatu. Nje, kwenye benchi ya veranda, Ngendo alikuwa ameketi. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Mwanangu," alimwita dirishani, "zimelingana?"

Kabla hajajibu Muigai aliingia, kofia mkononi, mchangamfu. "Karani! Jana nimeipita eka yako. Ile ya kona, yenye maji. Mke wako atapanda hata ndizi."

Barasa aliutazama ukurasa. Aliwafikiria ndugu zake, wakiwa wameketi sasa hivi kwenye kivuli cha mti alioupanda yeye. Hakuna karani aliyemwandikia yeye chochote. Alifunika chupa ya wino.

"Bado hazijalingana, mama," alisema. "Rudi wiki ijayo."

Ngendo alisimama, akapangusa vumbi kwenye kanga yake, akaondoka. Hakurudi wiki iliyofuata, wala nyingine yoyote.

Muhuri ulipopigwa, harufu ya udongo ilikatika mara moja. Barasa alifungua mtoto wa meza. Mkebe haukuwemo. Jioni alimwambia Ajwang kuwa yule mama wa Gatuanyaga ni mwongo, akacheka peke yake.

Alijenga Mugutha mwezi Juni, nyumba ya udongo ya vyumba viwili, akamleta mkewe Nelima kutoka Bungoma. Miezi mitatu ilipita salama. Ndizi zilishika.

Jumapili moja ya Septemba walikuwa wametoka kanisani. Jua lilikuwa utosini, mlango wazi. Nelima alikuwa akipakua ugali, ameipa meza mgongo, na Barasa ameketi kwenye kiti chake, ndipo aliposikia mnyororo ukija kutoka kwenye matoka, kra, kra, kimya, ukikata katikati ya ndizi, ukipita uani ambako kuku hawakuinua hata shingo, ukafika kizingitini ukatulia. Na harufu ikaingia, udongo mbichi wa kaburi au wa shamba, hakujua tena tofauti. Na mtu nje akaita, kwa sauti ya ofisini, sauti ambayo Barasa aliitambua kuwa ni yake mwenyewe ya siku ile:

"Nicanor Barasa!"

Alitaka kuitika. Ulimi haukuinuka.

"Nicanor Barasa!"

Alifungua mdomo, na kiganja asichokiona, chenye baridi ya tope, kikauziba.

"Nicanor Barasa!"

"Niko," ilisema sauti ya mwanamume asiye na haraka, kutoka kwenye kiti alichoketi yeye.

Nelima aligeuka na sahani. "Najua uko, Baba," alisema akicheka. "Unamjibu nani?"

Akaiweka sahani mezani, akaketi, akaanza kumsimulia mumewe habari za kanisani, na mumewe akawa anamjibu vizuri, akila. Barasa mwenyewe alijikuta amesimama pembeni ya mlango, akipiga kelele ambazo hata kuku hawakuzisikia.